Sauti Sikioni mwa Mke Wangu

Mchanganya picha wa studio anayotangazia mke wangu hapandishi sauti kamwe. Vidole vyake hupapasa vitufe vya kamera, midomo ikikaribia kugusa maikrofoni inayopeleka sauti yake sikioni mwa mke wangu. "Geuka kidogo, dada. Tabasamu." Naye hutabasamu papo hapo. Mimi nikimwita nyumbani huniambia, "Ngoja kwanza." Leo, nikiwa nimeketi kando yake kwenye chumba cha mitambo, mtandao ulikatika katikati ya matangazo mubashara. "Hatuko hewani, shemeji," aliniambia, kisha akanong'ona kitu kwenye maikrofoni. Ng'ambo ya kioo, bila mtazamaji hata mmoja, mke wangu alicheka, akaziba sikio lake kwa kiganja kana kwamba kuna kitu kingetoroka. Nikamuuliza amemwambia nini. "Mambo ya kazi tu, shemeji," alijibu, akabonyeza kitufe, na uso wa mke wangu ukajaa skrini nzima.