Mchanga kwenye Keria

Tangu wamzike mkewe Ruthu, baiskeli ya mzee Methusela ilianza kucheza. Kutoka nyumbani Miyuji ilitoka vizuri. Ikifika barabara kubwa, upepo ukiipiga ubavuni, gurudumu la mbele lilitikisika kama kichwa cha ng'ombe aliyekataa kamba. Akawa anashuka, anaikokota kurudi nayo. Siku moja ikamlaza kwenye miiba.

Binti yake Debora, anayefanya kazi ofisini mjini na kukaa Area D, aliiona ile mikwaruzo mkononi mwa baba yake. Hakupaza sauti.

"Baba, kama kujipeleka sokoni tu kumekushinda, utaishije huku peke yako? Jumamosi nakuja na bajaji. Tutaondoka wote, ukakae kwangu."

Methusela kwa Debora alipajua. Chakula kizuri, godoro zuri, geti limefungwa, na mtu anakaa kwenye kochi tangu asubuhi akingoja kuulizwa kama ameshiba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Area D hakuna jembe. Yeye alitaka kufia kwake, penye kuku wake na kaburi la mkewe, na dawa ya hilo ilikuwa moja: aweze kufika sokoni Majengo na kurudi kwa baiskeli yake.

Akaipeleka kwa fundi Bartolomayo. Fundi akaipindua, akazungusha magurudumu, akakaza spoku, akatia grisi.

"Mzee wangu, hii haina ugonjwa."

"Inacheza."

"Basi anayecheza ni wewe." Bartolomayo akajifuta mikono. "Zamani ulikuwa unabeba nini?"

Methusela akaitazama keria. Jambo hilo hakuwa amelifikiria. Tangu ujana wao Ruthu alikaa pale, kiupande, miguu ikining'inia, kapu la karanga na mlenda mkavu mapajani. Mikono ya Methusela ilizoea usukani wenye Ruthu nyuma. Usukani mtupu haikuujua.

Kesho yake akashuka korongoni na chepe. Akajaza mchanga kwenye kiroba, akakifunga kwenye keria kwa kamba za mpira. Kupima alipima kwa tairi. Ruthu akikaa, tairi la nyuma lilikuwa linabonyea kidogo pale chini, kama shavu la mtu anayetafuna. Akaongeza mchanga, akainama kutazama, akaongeza tena.

Yudith, mdogo wake Ruthu, nyumba ya pili, alikuwa anapepeta mtama. Akaacha ungo.

"Mbukwa, shemeji. Mchanga huo unampelekea nani? Mjini umewaishia?"

"Uzito huo. Baiskeli itulie."

Yudith akakiangalia kiroba, akaiangalia keria, akaelewa. Kwa shemeji, utani haukomi hata msibani.

"Dada yangu hakuwa mzito hivyo."

"Ulimbeba wewe?"

"Nilimbeba mgonjwa. Wewe ulimbeba mzima. Basi, siwezi kubisha." Akarudi kwenye ungo wake. "Ila ukifika Majengo usiegeshe karibu na wauza nafaka. Watasema umekuja kuwachanganyia mtama."

Jumamosi Methusela aliamka mapema. Alitaka aende, anunue chumvi na sabuni, arudi, Debora amkute amekaa mlangoni na vitu vyake pembeni. Hapo maneno yangekuwa mafupi. Akaisukuma baiskeli hatua kadhaa, akapitisha mguu juu ya bomba kwa shida, akakaa. Usukani ukayumba, ukatulia.

Kilima kabla ya mteremko kilimtoa jasho. Hapo ndipo Ruthu aliposhukaga, akatembea pembeni, mara nyingine akamtangulia na kumcheka. Leo hakukuwa na wa kushuka. Methusela akashuka yeye, akaukokota mchanga wake mpaka juu. Akapumua. Mji ulikuwa mbele yake wote, mabati yanang'aa, na vilima vya mawe nyuma yake.

Akapanda. Akaachia.

Basi pale ndipo penyewe. Muulize mwendesha baiskeli yeyote wa Dodoma, mbeba mkaa au mwanafunzi, atakwambia pale: kilima kimekwisha, miguu imeacha kazi, na chuma kinakwenda chenyewe kikilia tikitikitiki. Upepo uliompiga ubavuni wiki zote zile ukaingia kwenye shati, ukalijaza. Baiskeli haikucheza. Mzee akanyoosha miguu yote miwili nje ya pedeli, kama mtoto.

Nyuma akasikia bajaji. Akaipungia mkono ipite. Haikupita. Akasogea kandokando kabisa. Nayo ikapunguza mwendo, ikamfuata tu mpaka mteremko ulipoisha. Akashika breki, akageuka na uso umekunjamana.

"Barabara yote hii haiwatoshi?"

"Shikamoo, mzee," dereva, kijana aitwaye Athuman, akatoa kichwa. "Mimi nilitaka kupita. Nikashika honi, abiria wangu akanishika mkono."

Debora akashuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umewahi."

"Mama mdogo kaniambia umetoka." Akaizunguka baiskeli. "Na hiki nini?"

"Mchanga."

"Wa nini, baba?"

Methusela akavuta pumzi. Maneno kwake yalitoka kama maji ya kisima cha kiangazi. "Mama yako alikaa hapo. Bila uzito inanitupa."

Debora akaweka kiganja juu ya kiroba. Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Lakini mama hakuwa mnene hivi."

"Hata Yudith amesema."

"Umezidisha."

"Nitapunguza."

Athuman akageuza uso upande wa pili, mabega yakimtikisika.

"Nilipokuona umenyoosha miguu," Debora akasema, "nikamwambia kaka asipite. Sijawahi kukuona hivyo. Kinachokufurahisha ni nini hasa? Kasi?"

"Kasi hata bajaji inayo." Akafikiri. "Mama yako nyumbani hakuwa msemaji, wala mimi. Tukiachia mteremko huu, anasema. Mimi natazama mbele, yeye yuko mgongoni, hakuna anayemwona mwenziwe uso. Habari zako nilizipata hapa, penye lile jiwe."

"Habari zangu zipi?"

"Kwamba unakuja."

"Ukafanyaje?"

"Nikashika breki. Akanigonga mgongoni, akasema achia, mtoto mwenyewe hashuki leo."

Debora akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akacheka tena. Alitazama juu ya mteremko walikotoka, halafu akaitazama ile mikwaruzo mkononi mwa baba yake, iliyokuwa imeanza kukauka.

"Chumba chako kwangu kipo, baba."

"Kiwepo."

"Basi Jumamosi nitakuwa nakuja mimi."

"Njoo."

"Twende, tutakusindikiza mpaka Majengo. Tutakwenda polepole nyuma yako."

"Hapana." Methusela alikwisha kuushika usukani. "Tangulieni. Moshi wenu mbaya."