Nani Alimfungulia Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na sanduku zima la dawa ya viatu, nyeusi na ya kahawia, na maisha yake yote alivaa kandambili. Chini ya kitanda alikuwa na viberiti, nyembe, sindano na vifungo vya suruali, ingawa marehemu mumewe alikuwa mtu wa kanzu. Vyote alivinunua mwenyewe. Hakuna hata kimoja alichokihitaji.

Nilivigundua nilipohamia kwake Kisarawe, mwalimu mpya wa shule ya msingi, miaka ile ya Ujamaa. Nikamuuliza ni vya nini. Akajibu kama mtu anayetaja cheo chake: "Mimi ndiye ninayefungua mji."

Siku hizi mteja wa kwanza ni mteja tu. Wakati ule alibeba bahati ya siku nzima. Muuzaji alimwambia, "Nifungulie," au "Niondolee nuksi," na hata akitaja bei ya kuchekesha hakurudishwa mikono mitupu. Sarafu yake iligusishwa kwenye paji la uso, kisha ikazungushwa juu ya bidhaa. Akianza mwenye mkono wa heri, wateja walimiminika. Akianza mwenye kisirani, ulibaki kufukuza nzi.

Mkono wa shangazi ulikuwa wa heri kupita yote. Mtu wa Kibaha alimfuata kwa baiskeli akamfungulie hoteli yake. Shangazi alivuka vilima juu ya keria, akanunua chapati moja, akarudi anatembea upande upande kama kaa. Hata meneja wa duka la ushirika, kijana wa kaunda suti aliyetuhubiria mikutanoni kwamba mjamaa haamini nuksi, alimwita kila asubuhi kupitia mlango wa nyuma. Ndiye aliyemuuzia dawa ya viatu. Mara nyingi dukani mwake hamkuwa na kitu kingine.

Na kama mji una heri, una kisirani pia. Chetu kilikuwa fundi baiskeli, Mnyamwezi mmoja mcheshi. Aliwahi kumfungulia mwenye bucha, na hadi alasiri nyama ilikuwa bado inaning'inia. Tangu hapo, fundi akipita asubuhi, wauza maandazi walifunika masinia yao kwa khanga.

Ikafika siku shangazi akasema, "Nimechoka kufungulia watu. Na mimi nataka kukaa barazani kwangu nifunguliwe." Akaamua kuuza vitumbua. Sukari ilikuwa ya shida; aliikusanya kidogo kidogo, akaimimina yote kwenye unga wa mchele. Usiku ule alinung'unika, "Vikidoda hivi, watasema mkono wangu umekufa."

Asubuhi baraza lilijaa watu. Harufu iliwaita, lakini hakuna aliyenunua. Shangazi hakuweza kujifungulia mwenyewe. Nilipotoa sarafu alinifukuza: pesa ya ndani haiondoi nuksi. Na wengine wote waliogopa kuuharibu mkono uliowafaa miaka yote.

"Anza wewe, jirani."

"Mimi? Mimi niliyemfungulia muuza mkaa, mvua ikanyesha mpaka magharibi? Anza wewe."

"Ndugu zangu," meneja akasema, "hayo ni mawazo ya kizamani."

"Haya, ndugu meneja, chukua kimoja."

Meneja akashika shavu. "Jino."

Vitumbua vikaanza kupoa. Shangazi alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limekauka. Mara mtu akapiga kelele, "Funika! Funika!" Fundi alikuwa anakuja, anasukuma baiskeli. Khanga ya kufunikia haikuonekana. Meneja alikuwa ameikalia.

"Watani," fundi akasema, "mbona mmejaa kimya? Ngoma imepasuka? Mzaramo bila ngoma ni kama baiskeli bila mnyororo."

"Pita zako, mtani," shangazi akamjibu. "Mizigo ya misafara mliyokuja nayo pwani ilikwisha bebwa zamani, nyie mmesahau tu njia ya kurudi kwenu."

"Nirudi na njaa?" Akanyoosha mkono, akatwaa kitumbua, akala, akalamba vidole. "Hiki cha utani. Mtani halipi."

Baraza zima likageuka kutazama pengo kwenye sinia.

"Hajanunua!" mtu akasema. "Ametwaa! Kisirani hakikugusa kitu!"

"Lakini kimetoka!" mwingine akasema. "Anayefuata si wa kwanza tena!"

Kwa hoja yoyote kati ya hizo mbili, kila mtu alikuwa huru. Waliruka kwa pamoja. Sarafu zilianguka kwenye sahani kama mvua ya mawe. Meneja, jino limepona, alishika kitumbua kila mkono. Shangazi hakujua sarafu ipi ilitangulia, hivyo akainua sahani nzima aigusishe kwenye paji la uso, na pesa zikamwagikia ngazini, watu wakazifukuza huku wanatafuna. Kabla ya kengele ya mapumziko shuleni, sinia lilikuwa tupu.

Ubishi ulianza jioni ile ile. Meneja alidai yeye ndiye aliyefungua. Fundi alitaka mwenye bucha amwombe radhi hadharani. Mwenye bucha alijibu kwamba utani si ununuzi. Mimi niliwahoji mmoja mmoja, na yule jirani aliyemfungulia muuza mkaa akaniapia kwamba alimwona fundi akidondosha sarafu alipokuwa anafuta vidole.

Nikaenda kwa fundi. Hakuinua macho kwenye gurudumu.

"Mwalimu, nikisema nililipa, utani wangu umekufa. Nikisema sikulipa, kisirani ni changu mpaka kaburini. Sasa wewe ungenishauri nijibu nini?"

Shangazi aliuza vitumbua miaka mingi baada ya hapo, na dawa ya viatu ikakaukia sandukuni. Kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu, alitenga kitumbua kimoja pembeni, juu ya kisahani. Fundi alipita, akatukana kidogo, akakitwaa. Kama aliacha kitu chini ya kile kisahani, sijui. Aliyekuwa akikiinua ni shangazi peke yake, na alikiinua akiwa ametugeuzia mgongo.