Uzi Wangu na Safu ya Nne

Watu wa ofisini walipenda kunikumbusha kwamba sikusoma. Wangeniuliza ningewaambia mwenyewe: madarasa mawili, na Kurani kwa bibi yangu, basi. Nilitoka Ambanoro, kisiwani Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini, nikavuka bahari mpaka Ankify nikiwa na shati moja, mkeka na uzi wa kuvulia, nikafika Mahajanga baada ya siku za barabara ambazo sitaki kuzisimulia. Nikavuta pusipusi, kile kigari cha abiria kinachokokotwa na mtu. Kisha nikabeba magunia bandarini. Kila ninachokijua kilipitia mgongoni kabla ya kufika kichwani, na sioni aibu.

Ghala nililofanyia kazi muda mrefu lilikuwa la mchele. Zamani tulipanga magunia chini, moja kwa urefu, moja kwa upana, kama matofali, na rundo likianza kuegemea tulijua mapema kwa sababu tulilipanga kwa mikono yetu. Miaka ikapita, zikaja rafu za chuma: nguzo ndefu zenye matundu, mihimili imelala kati yake, na juu ya mihimili paleti za mbao zenye magunia, ghorofa nne kwenda juu. Mizigo ikawa inapandishwa na foklifti, mashine yenye uma wa chuma mbele. Mimi nikapewa kazi ya kuzikagua rafu hizo, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa waliozisimamisha, na kwa kuwa wengine walipita chini yake kila siku bila kutazama juu.

Chombo changu kilikuwa ule uzi wa kuvulia nilioutoa nyumbani, na chubwi lake la risasi. Nafunga uzi juu ya nguzo, naacha chubwi litulie karibu na sakafu, kisha natazama nafasi kati ya uzi na chuma, juu na chini. Zikilingana, nguzo imesimama. Zikipishana, imeinama, hata macho yako yakikuapia vingine. Nikimaliza napapasa pini pale kila mhimili unaposhika nguzo, kwa sababu foklifti huzigonga zikaruka. Mwisho napiga magoti kuangalia nyayo za nguzo. Madereva walinicheka kwamba navua samaki kwenye saruji. Niliwaambia siku nitakayovua, nitavua dereva.

Chini ya rafu kulikuwa na wanawake. Desturi ya ghala letu ni kwamba mchele uliomwagika ni wa aliyeufagia, nao walikaa kati ya nguzo na nyungo zao wakipepeta tangu asubuhi. Mkubwa wao, mama mnene mwenye sauti, aliniita shemeji ingawa hatukuwa na undugu wowote. Alidai nimeoa chuma kwa kuwa hakina mdomo wa kunijibu.

Jumatatu moja nikatundika uzi kwenye safu ya nne, ambayo ilikuwa imejaa nusu. Uzi ulikuwa mbali na nguzo kwa vidole viwili zaidi chini kuliko juu. Nikapanda ngazi, nikafungua, nikafunga upya. Vidole viwili vilevile, na nguzo imeinamia upande wa njia wanapokaa wale wanawake.

Meneja alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, mtu wa mji mkuu, mwenye adabu asipokuwa na haraka. Siku hiyo alikuwa na haraka. Meli imeshafunga gati, mchele unaingia mchana, safu ya nne ijazwe mpaka juu, na mimi nitie saini karatasi ya ukaguzi. Nikamwambia sitii. Akasema mhandisi ameipima wiki iliyopita na ameipitisha.

"Aliipima ikiwa tupu," nikamwambia. "Mpime mtu akiwa amebeba."

Tulizungumza Kimalagasi, yeye cha nyanda za juu, mimi cha pwani, na alipokasirika alihamia Kifaransa ili aniache nyuma. Sikumfuata huko, lakini sikunyamaza. Akasema mbele ya makarani kwamba mzee aliyejifunza kuandika jina lake akiwa tayari na mvi hawezi kumsahihisha mhandisi.

"Ndiyo maana siliandiki ovyo," nikasema, nikatoka.

Nikarudi safu ya nne kutafuta sababu. Niliwaambia wanawake waondoke. Walinuna, kwa kuwa chakula cha jioni kilikuwa kwenye sakafu ile. Mkubwa wao akauliza kama nataka kufagia mwenyewe. Nikapiga magoti, nikapangusa pumba kwenye unyayo wa nguzo ya pembeni, nikaona.

Chini ya bamba la chuma kulikuwa na vipande vya mbao, vimepasuka, vimesinyaa, unaweza kupitisha ukucha. Nilivijua. Sakafu ya ghala lile, ambalo liko karibu na maji, haikuwa sawa, na siku tulipozisimamisha rafu mimi ndiye niliyesawazisha nyayo za safu ya nne. Nililetewa vipande vya chuma nikavidharau. Nikatumia vipande vya magogo ya Ambanoro niliyoletewa kwa jahazi, yale tunayoegemezea mitumbwi ufukweni, yaliyolala kwenye maji ya chumvi miaka na miaka mpaka yakawa mazito kama jiwe. Nilijisifu kwamba mti ulioishinda bahari utaishinda saruji. Sikukumbuka kwamba mti ule ulikuwa haujawahi kukauka hata siku moja. Humo ghalani, kwenye joto na upepo mkavu, ukakauka.

Ningeweza kuyafunika kwa pumba tena nikasema sakafu imezama. Nani angebisha?

Meneja akaja na dereva, foklifti ikinguruma nyuma yao na paleti ya kwanza juu ya uma. Nikamwonyesha. Nikamwambia mbao hizo niliziweka mimi, na nilikosea.

Akacheka kidogo, kama mtu aliyeokota kitu. "Basi kosa ni lako, mzee. Na wewe ndiye unayenisimamishia kazi?"

"Kosa ni langu, na nimeliona mimi. Mhandisi wako hakuliona. Andika hivyo, nitatia saini."

Akasema ataandika, lakini kwanza mchele upande. Nikachukua kigoda cha yule mama mnene, nikakiweka chini ya safu ya nne, nikakaa. Nikamwambia meneja alete kiti chake akae nami, halafu dereva apandishe. Kama safu ni salama, tutazungumza mpaka Alasiri.

Hakuleta kiti. Alimtazama dereva, na dereva, yule aliyenicheka kuliko wote, akashusha paleti, akazima mashine, akatia ufunguo mfukoni. Kisha yule mama akaja akasimama ubavuni mwangu na ungo wake, akamwambia meneja kwamba kigoda ni chake, na yeye hajakitoa kwa mtu wa ofisini.

Mchele wa meli ukapangwa sakafuni kwa mkono siku hiyo, gunia moja kwa urefu, moja kwa upana, na mimi niliwaonyesha vijana namna. Safu ya nne tuliishusha yote. Ilipobaki tupu niliishika ile nguzo ya pembeni kwa mkono mmoja, ikacheza. Meneja aliona. Tukaweka chuma chini ya kila unyayo, tukakaza upya, tukapakia, nikatundika uzi rafu ikiwa imebeba. Ukalingana.

Karatasi aliiandika kweli: kosa ni la mkaguzi. Alidhani nitakataa. Nilitia saini kwa herufi kubwa, polepole, na ndiyo saini ninayojivunia kuliko zote nilizowahi kutia.

Yule mama alinipelekea nyumbani bakuli la mchele wa kufagia. Ulikuwa na mchanga. Niliula wote.