Siku Nilipomlisha Pepo Katikati ya Milango ya Maji

Pepo aliniomba chakula, na mimi nikampa.

Chekeni, lakini msiende mbali. Siku ile hakuna aliyecheka. Mbele mlango wa chuma, nyuma mlango wa chuma, kushoto na kulia kuta za mawe, chini maji meusi. Na mkwe wangu Bagula amepanda ukingo wa mashua, anataka kuruka.

Mimi ni Koko Nzigire; koko kwetu ni bibi. Kwetu Walungu, huko Kivu, ila sasa naishi Marekani, mjini Buffalo, mtaa wa Bailey, kwa mwanangu Mushagalusa. Yeye anafanya kazi kiwandani Tonawanda. Mimi kazi yangu kupika, kulea na kuomba.

Na mambo haya yalianzia kwenye kuomba.

Kila alfajiri tunaingia kwenye laini ya maombi. Unapiga namba, unawakuta watu wa Louisville, wa Columbus, wa hapa kwetu, wote ndani ya simu moja. Anayetuongoza ni Mama Clémence wa Columbus. Mama yule akiomba, hata vifuniko vya sufuria vinagongana. Akisema funga, tunafunga. Akisema simama, hata mwenye magoti mabovu kama mimi anasimama.

Kiangazi kile alikuja kututembelea. Siku zile zile alifika Généreuse, binti wa marehemu dada yangu, pamoja na mume wake Bagula. Wao wanakaa Louisville, kule South End, na Bagula anapakia mizigo kwenye depo. Mtu mpole, mnene kidogo, anaanza kucheka kabla hujamaliza kusema.

Nyumba ikajaa. Tukasema tutafute mahali pa kutembea.

Mjukuu wangu Alliance akasema, "Twende Lockport. Kuna mfereji pale, mashua inapandishwa kilima."

"Mashua ipande kilima? Inavutwa na nani?"

"Na maji yenyewe, Koko. Inaingia kwenye kama chumba, wanafunga milango, maji yanajaa, na yenyewe inapanda. Watalii wanatoka mbali kuja kuona."

"Wazungu bana," akasema Bagula. "Bamechoka na ngazi, sasa bameweka mashua kwenye lifti!"

Tukacheka wote. Safari ikapangwa.

Alfajiri ya siku ya mwisho kabla ya kwenda, tuko sebuleni tunaomba, simu iko mezani, sauti imefunguliwa. Mama Clémence akanyamaza katikati ya sentensi.

Akafumba macho.

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Naona maji. Maji kati ya kuta. Milango inajifunga. Mutu wa hii nyumba anaanguka, na mukono wa kumushika hauko."

Mushagalusa akasema, "Bon, basi tusiende."

"Hapana. Ukikimbia, itakufuata mupaka kwenye kitanda. Tutaenda, lakini tutafunga. Kufunga kavu. Hakuna chakula, hakuna maji, kuanzia sasa mupaka tushuke kwenye ile mashua."

"Bote?" akauliza Bagula.

"Bote. Mutu mumoja akikula, ameshafungulia adui mulango. Na wewe papa Bagula, unauliza nini? Si wewe ndiye mufano wetu?"

Bagula akacheka. Ila mara hii kicheko kilichelewa.

Siku nzima nyumba haikunuka kitunguu. Hata Alliance alifunga. Kesho yake asubuhi mimi nikaingia jikoni nikakaanga mandazi.

Généreuse akanishangaa. "Mama mukubwa! Unakaanga na tuko tunafunga?"

"Mfungo una mwisho, mwanangu. Tukishuka kwenye mashua tutafungua kwa kutafuna upepo?"

Nikayatia kwenye mfuko, pamoja na juisi za maembe za boksi.

Wakati wa kutoka, Bagula alikuwa bado chooni. Généreuse akagonga. "We, unazaa?" Akatoka anajipangusa paji la uso, akaingia garini bila neno.

Lockport si mbali na Buffalo. Jua lilikuwa zuri, watu wamevaa kofia, watoto wanakula aisikrimu. Tukapanda mashua. Msichana mwenye kipaza sauti alikuwa anaeleza habari za mfereji, wale walioupasua mwamba zamani, punda waliovuta mashua. Alliance ananitafsiria huku anapiga picha.

Halafu tukaingia kwenye kile chumba.

Jua lilibaki juu. Sisi tulikuwa chini, kama tumeshushwa kisimani. Kuta zimelowa, zina ukoko wa kijani, zinadondosha maji. Baridi ikatoka kwenye mawe ikanishika shingo.

Nyuma yetu milango ikaanza kujifunga. Polepole, hakuna haraka. Ikagusana. Mlio wake niliusikia kwenye meno.

Maji kati ya kuta. Milango inajifunga.

Nikamwangalia Mama Clémence. Midomo yake ilikuwa inatembea.

Maji yakaanza kuchemka chini yetu bila moto, mashua ikatikisika, ikaanza kupanda. Watalii wakapiga makofi.

Hapo ndipo Généreuse akasema, "Bagula, iko nini?"

Shati lote limelowa. Jasho linatiririka kama amesimama kwenye mvua, na wengine tunatetemeka kwa baridi. Mikono inacheza. Akamwangalia mke wake akamwita kwa jina la marehemu mama yake mwenyewe.

"Bagula, ni mimi!"

"Banakuja," akasema. "Bako nyuma ya mulango. Tuvuke! Tuvuke sasa!"

Akapanda ukingo.

Watu wakapiga kelele. Mushagalusa akamrukia, akamkumbatia kiuno. Kijana mmoja wa mashua akamshika mkanda. Bagula ambaye sijawahi kumsikia akimkemea hata paka, alimpiga mwanangu kiwiko cha mdomo, damu ikatoka. Kwa shida wakamteremsha.

Msichana wa kipaza sauti akawa ameshika redio, anaita juu. Alliance akanitafsiria, sauti inakatika: "Wanasema hakuna kushuka, Koko. Mpaka maji yajae. Mpaka mlango wa mbele ufunguke."

Maji yale hayana haraka na mtu.

Mama Clémence akaweka mkono kwenye kichwa cha Bagula. "Toka! Katika jina la Yesu, toka!"

Bagula akatambaa. Akatambaa mpaka miguuni kwangu, akapiga magoti, akashika kitenge changu.

"Nipe," akasema. Ulimi wake umekuwa mzito kama wa mlevi. "Nipe kitamu. Nipe."

"Musimupe!" Mama Clémence alipiga kelele, hata watalii wakarudi nyuma. "Huyu si Bagula! Ni adui anataka tuvunje mufungo. Akikula tu, haya maji inatumeza bote!"

Sasa nisikilizeni vizuri. Msije mkadhani mimi nilikuwa na akili kuliko wengine. Mimi pia niliamini ni pepo. Niliamini kabisa. Macho yale hayakuwa ya mkwe wangu.

Tena kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe. Tangu amwoe Généreuse, Bagula hajawahi kutafuna mbele yangu hata karanga. Nikipika, sahani yake inakwenda chumba kingine. Na sasa amenifungulia mdomo kama kifaranga.

Nikasema, "Mama Clémence, pepo au si pepo, amefika kwangu ana njaa. Ale kwanza. Tutamfukuza akiwa na nguvu za kutembea."

"Koko, utatuua!"

Akashika mfuko. Nami nikavuta. Mfuko ukapasuka, mandazi yakatawanyika kwenye sakafu ya mashua. Nikawahi boksi moja la juisi, nikachoma mrija, nikamtia mdomoni.

Akanyonya. Boksi likajikunja lote.

Nikampa la pili. Généreuse analia, Mama Clémence anaomba kwa sauti inayogonga kuta na kurudi, maji yanapanda, mashua inapanda. Nikamega andazi, nikamlisha kwa vidole vyangu. Tonge kwa tonge.

Jua likatufikia vichwani. Likashuka mabegani.

Bagula akatafuna, akaacha. Akapepesa macho. Akaniangalia. Akaangalia vidole vyangu vilivyo mdomoni mwake.

Akaruka nyuma, akaficha uso kwa mikono miwili.

"Mama! Samahani, Mama! Haya gani hii!"

Nikakaa chini puu. Pepo haoni haya mbele ya mama mkwe. Nikajua huyu ni Bagula wetu, amerudi.

Mlango wa mbele ukafunguka. Watu wa ambulansi walikuwa tayari wanatusubiri. Wakamtoboa kidole, wakatazama kamashine kao, wakauliza jambo.

Alliance akatafsiri: "Wanauliza kama ana kisukari."

"Hana!" akajibu Généreuse. "Alikuwa nacho, akapona. Alishuhudia kanisani Louisville mbele ya watu bote. Mama Clémence mwenyewe ndiye alimuombea!"

Mama Clémence akaitikia kwa kichwa: ndivyo.

Yule wa ambulansi hakubishana. Akafungua shati la Bagula ampime kifua, na kutoka mfukoni kikaanguka kitu kama kalamu nene. Akakiokota, akakionyesha mwenzake. Akamuuliza Bagula polepole kama anamuuliza mtoto, na Bagula akaitikia kwa kichwa bila kututazama.

Ilikuwa sindano ya dawa ya kisukari. Alijidunga asubuhi ile ile chooni, huku amefunga kavu pamoja na sisi tangu jana yake. Dawa ikakuta tumbo tupu, ikala sukari yote iliyobaki mwilini. Hivyo ndivyo walivyotueleza hospitalini. Wakasema tungechelewa kidogo tu kumlisha, tungeshuka na maiti.

Généreuse alisimama dirishani, mgongo ametupa sisi. "Na mimi nakulala naye kitanda kimoja," akasema.

Mama Clémence akavuta kiti karibu na kitanda. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia ya nyumbani kwake.

"Papa Bagula. Ulipona ao hukupona?"

Bagula akachezea shuka.

"Mama, uliniuliza mbele ya batu."

"Donc? Ndiyo nini?"

"Ungeniuliza peke yangu, ningesema sijui. Lakini uliniwekea kipaza sauti kwenye mdomo, kwaya inaimba, mke wangu analia kwa furaha. Nikasema nimepona. Mimi mwenyewe niliamini. Kisha sukari ikarudi. Sasa ningerudi kumuambia nani?"

Kamashine ka hospitali tu ndiko kalikuwa kanalia ti, ti, ti.

Tukiwa kwenye korido, Mama Clémence akaniambia, "Lakini Koko, ono lilikuwa la kweli. Maji, kuta, milango, mutu kuanguka."

"Lilikuwa la kweli," nikamwambia. "Ila maji hayakumgusa. Aliangushwa na sisi."

Siku iliyofuata akarudi Columbus.

Sikujua kama laini ya maombi itaendelea. Iliendelea. Alfajiri moja nimeshika simu, nasikia sauti ya mama mmoja nisiyemjua akitoa ushuhuda. Presha imemtesa sana, sasa ameombewa, amepona, vidonge vyote amevitupa.

"Amina! Haleluya!" Simu nzima inapiga kelele. Louisville inapiga kelele. Columbus inapiga kelele.

Baridi ile ya mawe ikanirudia shingoni.

Mimi kwenye laini ile huwa nasikiliza tu, sauti yangu imefungwa. Siku hiyo nikamwambia Alliance, "Nifungulie."

Nikasema, "Mama, mimi ni Koko wa Buffalo. Mungu ni mwema. Usinijibu hapa. Niruhusu tu nikupigie, tuongee wewe na mimi peke yetu."

Kelele zikafa. Laini ikanyamaza hata nikasikia mtu fulani, sijui mji gani, bomba lake linadondosha maji.

Aliyejibu ni Mama Clémence. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ninayoijua.

"Koko," akasema, "ukimaliza na yeye, unipigie na mimi."

Ndugu zangu, ombeni, fungeni, shuhudieni. Mimi bado naomba. Lakini ukitaka mtu akwambie ukweli wa mwili wake, mtoe kwanza kwenye macho ya watu. Mbele ya watu kila mtu amepona.