Kamera ya Mikono Miwili

Kamera yangu ya chini ya maji ni ndogo, inatoshea kiganjani. Niliinunua mwaka ule mimi na mume wangu tulipojifunza kuzamia baharini, na kwa muda mrefu sikuona kasoro yake. Kasoro niliiona baada ya kutazama picha za watu wengine. Samaki wao walikuwa na rangi zao zote. Wangu walikuwa wa kijani, wote.

Hapa Kitengela, ambako maji tunaletewa na lori, majirani hucheka wakisikia tunazamia. Sisi ni walimu. Yeye anafundisha hesabu Kajiado mjini, mimi biolojia hapa karibu, na kila Desemba tunateremka Pwani siku nne. Mapenzi ya bahari ni yangu. Yeye anaogopa maji tangu utotoni, na alijifunza kwa sababu moja tu: mzamiaji haendi peke yake, lazima awe na mwenzake wa kumwangalia. "Kama ni lazima uende na mtu," aliniambia, "basi nitakuwa mimi."

Desemba iliyopita nilimwona pweza akitoka pangoni mwake, nikamfuata. Nilikuwa nimelala juu ya mchanga, kamera mbele ya uso, niliposikia chuma kikigongwa. Ko, ko, ko. Ndivyo mzamiaji anavyomwita mwenzake: hugonga mtungi wake wa hewa. Nilisikia vizuri. Nikajiambia labda ni kikundi kingine, nikapiga picha tatu zaidi.

Nilipogeuka, kiongozi wetu wa kuzamia alikuwa amemshika mume wangu mabegani. Miwani ya mume wangu ya kuzamia ilikuwa imejaa maji, na kwa hofu alikuwa amesahau namna ya kuyatoa. Walipanda polepole, nami nikawafuata. Kwenye boti alitapika maji ya chumvi, akapangusa mdomo, kisha akaniuliza kama nilimpata pweza.

"Sikukusikia," nikamjibu, ingawa hakuwa ameniuliza hilo.

Tuliporudi nyumbani nilizipitia picha kabla yake. Katika moja alionekana pembeni kabisa, mdogo, mkono mmoja usoni na mwingine umenyooshwa kwangu. Niliifuta. Jioni nikamwonyesha pweza.

"Ako sawa," alisema, "lakini hizi picha zimekuwa kijani sana. Labda uko na haja ya kamera nyingine."

Alisema hivyo kwa wema, na mimi nikauchukua wema huo nikautumia. Mwezi wa tatu nikampata mzamiaji mmoja wa Rongai aliyekuwa anauza yake. Akaja Jumamosi, akaiweka mezani: kamera kubwa ndani ya kasha la kuzuia maji, na taa mbili juu ya vyuma virefu. Niliinyanyua. Ilifunika kifua changu chote.

Mume wangu alileta chai, akasimama akitazama.

"Hii inashikwa na mikono miwili?"

"Miwili," mgeni akasema. "Ukitaka picha safi hauiachilii."

Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. "Ni nzuri. Chukua tu, mama. Desemba mimi nitawangoja kwa boti."

Hakuwa na hasira. Alimimina chai. Nikamwambia mgeni nitampigia simu, nikamsindikiza hadi geti, na nilipoingia ndani sikuweza kukaa.

"Siku ile nilisikia ukigonga," nikamwambia.

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Uligeuza kichwa. Kidogo tu. Nikadhani unakuja." Alikuwa anakusanya vikombe. "Halafu ukarudi kwa pweza."

Nikamweleza pia kuhusu ile picha, kwamba niliifuta ili asiione. Alivirudisha vikombe mezani.

"Hiyo ingekuwa picha yangu ya kwanza huko chini," akasema. "Haujawahi kunipiga hata moja."

Alipotoka nje nilifungua picha za miaka yote nikatafuta. Walikuwepo kasa, kaa, hata kiatu kilichozama. Yeye hakuwepo.

Jumapili nilimpigia mzamiaji wa Rongai nikamwambia sichukui. Aliuliza kama ni bei. Nikasema ndiyo, maana sikuwa na nguvu ya kueleza.

Juzi nilimwomba mume wangu twende kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja Nkoroi, afanye mazoezi. Sikutegemea akubali. Tulipiga magoti chini ya maji tukiangaliana, mimi mikono mitupu. Alikuwa anajaza maji kwenye miwani, anafumba macho, kisha anayapuliza nje kwa pua. Alirudia mara nyingi, na alifanya vizuri. Lakini kila mara, kabla hata maji hayajaisha kutoka, alifumbua macho yakiwa bado ndani ya maji, yamekuwa mekundu, kuhakikisha kama nipo.