Mwendo Uliokuwa Ukiwakalisha Watu

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Ni siku niliyoifungua kalkuleta ya Mzee Bwanakombo kwa bisibisi, juu ya mkeka, kule Kisauni, nami nikajiona nimewapita waliosoma.

Shule niliiacha mapema. Sikufukuzwa, ni miguu tu ilikuwa haitulii. Leo niko Likoni nabeba mbao, kesho niko Changamwe kwa fundi redio, na popote nilipokwenda nilifungua vitu nione kilichomo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hata nikipewa mtoto mchanga nitamtafuta skrubu.

Miaka ile ya tisini nilipanga chumba katika nyumba ya Mzee Bwanakombo. Alikuwa mtu wa mitambo melini, hata kiharusi kikamlaza. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Aliyemtunza ni binti yake, Rukia. Miongoni mwa vitu alivyorudi navyo kutoka safarini palikuwa na kalkuleta kubwa yenye kioo, zawadi ya mhandisi wa meli. Ukiiandikia hesabu, iliigeuza hesabu ile kuwa mstari, ikauchora nukta baada ya nukta kutoka kushoto kwenda kulia.

Lakini ilikuwa nzito! Ilichora kama konokono apandaye ukuta. Kila baada ya sala ya alasiri majirani walikuja kumjulia mzee hali, na mchezo ulikuwa huo. Mzee hubonyeza hesabu yoyote kwa kidole cha mkono wa kushoto, kisha huiweka kalkuleta kifuani, watu wakainama. Mstari ukianza kutambaa, kila mtu hutabiri uendako. Aliyekosea huchukua birika kwenda kununua kahawa.

"Unapanda huo!" husema Karisa, mwashi wa nyumba ya pili.

"Unapanda wapi? Wewe hata kuta zako hujui ziendako," Saidi wa mkokoteni wa maji humjibu, watu wakacheka.

"Ngojeni," mzee husema. "Ngojeni."

Nao walingoja. Na katika kungoja walisimulia habari za mtaa, wakabishana, wakamuuliza mzee mambo ya bandari za mbali, naye akapata nafasi ya kulimaliza neno lake moja. Mimi hayo sikuyaona. Mimi niliona mashine nzito.

Kijana mmoja wa chuo cha ufundi alikuwa amenidokezea kwamba ndani ya mashine kama ile mna kapasita moja, kidude kidogo cha umeme kinachoshika mwendo, kama mpiga ngoma ashikavyo mwendo wa wachezaji. Ukiitoa ukatia iliyo ndogo zaidi, mashine hukimbia. Tangu nisikie hayo, mwanangu, vidole vilikuwa vikiniwasha. Wazee husema akili nyingi huondoa maarifa.

"Baba, nipe niifanye iende mbio," nilimwambia mzee.

Rukia aliinua uso kutoka kwenye kinu. "Kwani nani kalalamika, kaka?"

Nilimcheka. Mzee akanisogezea. "Haya," akasema. "Wewe... fundi." Naye alikuwa fundi, nadhani hakutaka kumvunja moyo mwenye hamu.

Nikayeyusha risasi iliyoigandisha kapasita ile, nikaitoa, nikatia nyingine niliyoing'oa kwenye redio mbovu. Ikawaka. Nikaandika hesabu, na mstari ukatimia kabla sijavuta pumzi ya pili. Wallahi nilitaka kucheza.

Alasiri majirani wakaja. Mzee akabonyeza. Karisa alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa atabiri, na mstari ukawa umekwisha. Wakajaribu tena, na tena.

"Sasa tunatabiri nini?" Saidi akauliza.

Walinisifu, walinipigapiga mgongo. Kisha wakaondoka mapema. Kesho yake wakaja wachache, na wiki iliyofuata akawa anapita Karisa peke yake, asimame mlangoni, asalimu, aende. Hawakuwa watu wabaya. Kukaa na mgonjwa asiyeweza kusema ni kazi, na mstari ule ndio uliowapa macho yao pa kutua.

Siku moja mzee aliniita. "Ule mwendo," akasema, akapumzika. "Ndio uliokuwa... ukiwakalisha."

Nikakimbilia kuirudisha ya zamani. Nilikuwa nimekwisha kuifagia na takataka. Nikaenda hadi Changamwe kutafuta inayofanana, nikazunguka siku kadhaa, nikaipata, nikaichomea pale pale. Njia ya shaba ipitishayo umeme, nyembamba kama unywele, ikabanduka. Kioo kikazima, hakikuwaka tena.

"Si kitu," mzee alisema, akageuzia uso ukutani.

Hakufika Ramadhani. Siku ya maziko uwanja ulijaa hadi barabarani. Walikuja wote, wakakaa tangu asubuhi hadi magharibi. Rukia aliwatazama, akaniambia kwa sauti ndogo, "Leo wamekaa."

Mwanangu, nakuusia. Usikitengeneze kitu cha mtu kabla hujamuuliza anakipendea nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wala hujui raha yake. Si kila kiendacho polepole kina ugonjwa. Na liko kubwa kuliko hilo, nililochelewa kulijua: mimi nilikuwa chumba cha pili. Mchezo ulipoharibika ningeweza kwenda kukaa naye, bila mashine, bila la kusema. Badala yake nilikwenda kutafuta kapasita. Ukimharibia mtu jambo, usikimbilie kifaa, mkimbilie mtu.

Mola akupe mikono yenye ustadi, na masikio yaitanguliayo mikono yako. Na siku utakapolala usiweze kuinuka, akujaalie watu wasio na haraka. Amin.