Hita Iliyogoma Kuwaka

Nyumbani tulikuwa na mtoto mchanga mmoja tu. Jioni ile nikasikia wa pili akilia.

Mmoja alikuwa kifuani pangu, amelala. Wa pili alikuwa darini.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, msije mkasema bibi kaanza kuota macho wazi.

Binti yangu alijifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto mdogo, kichwa chake kinaenea kiganjani kama chungwa. Hospitali wakatuachia kwa sharti moja: asipate baridi. Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na chumba chake kiwe na joto muda wote.

Na baridi ya msimu ule, jamani! Ilikuwa inang'ata masikio.

Mkwe wangu ni fundi wa mitambo ya hewa. Wenzake wanamwita Taratibu, na hawamsingizii. Nyumba yao ina mabomba mapana ya bati darini. Feni inasukuma hewa, inapita humo, inashukia vyumbani. Akasema atafunga hita ya umeme ndani ya bomba la chumba cha mtoto, hewa ishuke ikiwa na joto.

Akaja na mdogo wake kumsaidia. Huyo anaitwa Chapchap. Naye hawakumsingizia.

Mimi nikakaa mlangoni, mtoto kifuani, natazama. Taratibu akazima swichi kubwa, akaitia kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

"Umeme nao unafungiwa kama kuku?" nikamtania.

"Kuku akitoka, Mama, unamkimbiza. Huyu akitoka, anakukimbiza yeye."

Akapanda ngazi. Akapima hita isikaribiane na mbao za dari. Akabandua sponji yote iliyozunguka bomba mahali pale, isije ikashika moto. Akafunga waya wa kwenda ardhini. Kila skrubu akiikaza, anairudia.

Mwisho akanionyesha kidude chenye bati jembamba kama jani.

"Huyu ni mlinzi wa upepo. Hewa isipopita, hita haipati umeme. Ikiwaka bila upepo inakuwa nyekundu kama kaa la moto, na juu yake ni mbao. Halafu kuna mwingine, joto likizidi anakata."

"Walinzi wawili kwa hita moja!" Chapchap akaguna. "Kaka, hii nyumba au benki?"

Muda wote huo binti yangu anazunguka vyumbani, anafunua mito. "Nani kachukua mbeleko yangu? Ile ya bluu?"

Hakuna aliyeiona.

Basi nimemkabidhi mama yake mtoto anyonye, mara mtoto akapaliwa. Akabadilika rangi. Mama yake akapiga yowe, Taratibu akaruka kutoka kwenye ngazi, sote tukajazana chumbani. Tukamlaza kifudifudi mkononi, tukampigapiga mgongoni, mpaka maziwa yakatoka na sauti ikarudi.

Wanaume walikaa naye kitambo, wanamsikiliza anavyopumua. Baadaye Taratibu akapanda tena, akafunika bomba.

Jioni mvua ikaanza. Akafungua kufuli, akawasha.

Feni ikanguruma. Hita kimya.

Akazima, akawasha. Kimya.

"Miguu yake, Mama. Hebu shika," binti yangu akasema.

Nikashika. Baridi kama kijiko.

Nikamtia kifuani, nikajifunika naye blanketi. Nikasema leteni jiko la mkaa humu.

"Hapana, Mama," Taratibu akajibu. "Hewa ya mkaa inamlaza mtu asiamke."

Chapchap alishashika koleo. "Tatizo ni hilo lidude lako la upepo. Bovu! Naliruka, naunga waya moja kwa moja, mtoto apate joto. Kesho tutatafuta jingine."

"Mwache aunge!" binti yangu akalia. "Unabishana na bati, mwanao anaganda?"

Taratibu akasimama mbele ya ngazi. Jasho linamtoka, na baridi yote ile.

"Kuunga na kuungua vimeachana herufi moja tu. Kama mlinzi amekataa, ameona kitu."

"Ameona nini? Ana macho?"

Akazima feni. Nyumba ikatulia.

Hapo ndipo tuliposikia. Kilio chembamba, juu yetu kabisa.

Nikamtazama mjukuu wangu. Amelala, mdomo umefumba.

Koleo likamponyoka Chapchap. "Jini hilo."

Taratibu akazima swichi kubwa, akarudisha kufuli. Akapanda, akafungua bomba, akaingiza mkono. Akapapasa ndani.

"Mama," akaita, sauti imebadilika. "Pokea."

Akanipa mtoto wa paka, macho hayajafunguka. Akanipa mwingine. Wa tatu alitoka na mama yake, anafoka kama mwenye nyumba anayedai heshima yake.

Chini yao, imesongamana imeziba bomba, imegusa hita kabisa: mbeleko ya bluu.

"Mbeleko yangu!"

Taratibu akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

"Ni mimi. Niliziba bomba vumbi lisimwangukie mtoto. Nilidhani ni tambara. Alipopaliwa nikaruka, niliporudi nikafunika nimelisahau."

Paka alipanda ngazi, akapenya bombani sote tukiwa kwa mtoto, akakuta kitanda kimetandikwa, akazaa humo.

Kila mmoja alikuwa anaiona picha ileile: waya mwekundu, nguo, mbao, na chini yake kitanda cha mtoto.

Chapchap akaokota koleo, akalirudisha mkobani. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifanya jambo polepole.

Tukawasha. Feni ikanguruma, jani likainuka, *tik*. Hewa ikashuka na joto. Sikuiachia ile miguu midogo mpaka ilipokuwa na moto kuliko viganja vyangu.

Paka tulimtia kwenye boksi jikoni. Nikataka kuchukua mbeleko nikaifue.

"Mwachie," binti yangu akasema. "Naye ni mzazi."

Mimi nilidhani mlinzi yule amewekwa kwa ajili ya mafundi wazembe. Kumbe amewekwa kwa ajili ya fundi makini, siku mtoto wake akipaliwa.

Basi wanangu, chombo kikigoma, msikilazimishe kwa waya. Kwanza kiulizeni kimeona nini.